Mti na mteremko: majibu kwa wasomaji

Nilipanda misindano (misonobari) siku moja, miche ya kitalu kimoja. Ya chini imerefuka, ya juu ya kilima imedumaa. Niliuziwa miche mibovu? (Msomaji, Mafinga)

Miche usiilaumu. Mvua ya kilimani haikai iliponyeshea. Inayozama ardhini hukutana na tabaka gumu, kisha hushuka chini kwa chini kufuata mteremko, na huendelea kushuka hata mvua zikishakatika. Kwetu mvua ni msimu mmoja, Novemba hadi Aprili au Mei. Ikifika Septemba, msindano wa juu umebaki na akiba yake tu. Wa chini unakunywa ya kwake na ya jirani wa juu.

Udongo nao hushuka. Chimba kileleni, jembe litagonga mawe mapema. Chimba kwenye mkunjo wa kilima, utatoa udongo mweusi, laini, wenye unyevu hadi kiangazi. Ndiyo maana nasisitiza: kabla ya kununua shamba, tazama umbo lake. Mteremko uliobonyea kwa ndani hukusanya maji. Uliovimba kwa nje huyatawanya, hata kama yote miwili iko usawa mmoja.

Basi nipande milingoti (mikaratusi) kwenye vinyungu, bustani za bondeni, maji si yapo? (Njombe)

Nakuomba usifanye hivyo. Mlingoti hunywa sana, na pale bondeni utakunywa maji yale yale yanayoulisha mto wakati wa kiangazi, yanayomwagilia mboga za kijiji kizima. Sheria ya Mazingira ya 2004 pia inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Iache mivengi, miti ya asili ya bondeni, pale ilipo.

Kwa nini Tukuyu kijani mwaka mzima, Usangu kukavu? (Mbeya mjini)

Upepo wenye unyevu kutoka upande wa Ziwa Nyasa hupandishwa na Mlima Rungwe, wenye mita 2,960, na safu ya Livingstone. Ukipanda hupoa, mvua inanyesha: Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Ukivuka na kushukia Usangu umeshakauka. Msitu wa juu hunasa hata ukungu. Majani yanadondosha matone siku isiyo na mvua.

Upande upi wa kilima hukauka mapema? (Kilolo)

Unaotazama kaskazini. Juni na Julai jua letu hupita kaskazini, likaupiga huo zaidi. Miche iliyochelewa ipelekeni upande wa kusini.