Kabla ya Kukata Fizi, Pima Mfupa

Jino limevunjika karibu na fizi, mgonjwa anataka kofia, yaani kifuniko bandia cha jino. Daktari mgeni wa kazi hii huona fizi inamzuia, akaikata. Lakini fizi hufuata mfupa ulio chini yake. Juu ya mfupa kuna takriban milimita 2 za nyama iliyojishikiza kwenye jino. Ukingo wa kofia ukivamia eneo hilo, fizi hubaki nyekundu, hutoka damu kila mswaki unapopita, na mfupa huanza kulika. Dawa ya kusukutua haiponyi hilo.

Basi piga ganzi, kisha shusha kipimo cha fizi, kijiti chembamba chenye alama za milimita, mpaka kigonge mfupa, kila upande wa jino. Kutoka mfupani hadi utakapoishia ukingo wa kofia acha milimita 3. Ongeza milimita 1.5 hadi 2 za jino lisilooza ambazo kofia itazikumbatia. Zikikosekana, kofia hung'oka au mzizi hupasuka. Jumla ni karibu milimita 5 za jino zima juu ya mfupa.

Nafasi hiyo ikiwepo tayari, kata fizi peke yake, ila bakiza angalau milimita 2 za fizi ngumu inayozunguka shingo ya jino. Nafasi isipokuwepo, nyanyua fizi, punguza mfupa, kisha ishone ikiwa imesogea kuelekea ncha ya mzizi. Drili iende na maji ya chumvi muda wote, kwani mfupa ukipata joto hufa. Ukikaribia mzizi, weka drili chini ushike patasi ya mkono. Kifaa cha umeme cha kukatia fizi kisiguse mfupa kabisa. Wengi husita kupunguza kidogo mfupa wa meno jirani, wakaacha shimo la mfupa kuzunguka jino moja. Fizi haitakaa vizuri juu ya shimo, itarudi ilikokuwa.

Soma eksirei kabla ya kumwahidi mgonjwa chochote. Mzizi utakaobaki mfupani ukiwa mfupi kuliko sehemu ya jino itakayokuwa nje, acha upasuaji huu. Gego ambalo mizizi yake huachana karibu na shingo ya jino, acha pia: ukiifichua njia panda ile, uchafu utakaa humo na mswaki hautafika. Jino la mbele mara nyingi ni heri kulivuta taratibu kwa waya litokeze zaidi, badala ya kukata. Na anayelalamika kwamba fizi zinaonekana mno akicheka, chunguza kwanza mdomo wa juu na taya. Kama chanzo kiko huko, kisu hakina kazi.

Nyuzi hutolewa baada ya siku 7 hadi 10. Mgonjwa asukutue kwa klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, ya 0.2%, mara 2 kwa siku kwa wiki 2, na mwonye kuhusu madoa ya kahawia. Kofia ya kudumu kwa meno ya nyuma isubiri wiki 6 hadi 8. Ya mbele miezi 3 hadi 6, kwa sababu fizi nene hupanda tena na nyembamba hushuka, na kofia iliyowahishwa huishia kuonyesha ukingo wake. Mgonjwa atakuharakisha, mpe kofia ya muda, ukingo wake ukiwa mbali na fizi.