Maswali na majibu: Zana za mawe

*Shikamoo, mzee. Shuleni tulifundishwa kwamba watu wa kale walinoa mawe kwa kuyasugua. Ni kweli? (Mwanafunzi, Dodoma)*

Marahaba. Kusugua kulikuja baadaye sana. Kwa zaidi ya miaka milioni mbili kazi ilikuwa kugonga. Fundi alishika bonge la jiwe kwa mkono mmoja na jiwe la kugongea, gumu na la mviringo, kwa mkono wa pili. Siri iko pale pa kupiga: karibu na ukingo, upande wenye pembe kali kuliko ya mraba. Ukipiga katikati utaumiza kiganja tu. Ukipatia, kibanzi chembamba kinabanduka chini ya bonge, tayari kina makali. Pale kilipobanduka panabaki ukingo mpya, nao unagongwa tena.

Si kila jiwe lilifaa. Katika bonde la Oldupai, kaskazini mwa Tanzania, walitumia sana kwatzaiti, aina ya jiwe gumu, ya kilima cha Naibor Soit, na pia basalti, jiwe la volkeno. Kwa ukali, hakuna kinachoshinda obsidiani, kile kioo cheusi cha volkeno kinachopatikana Naivasha.

*Kwa hiyo zana ni bonge au kibanzi?*

Mara nyingi kibanzi. Zamani watafiti walilipa bonge heshima yote, vibanzi wakaviona takataka za karakana. Lakini mifupa ya wanyama ya Oldupai ina mikwaruzo myembamba ya kukata nyama, kazi ya kibanzi hiyo. Mingine imepondwa ili kutoa uboho, na hapo ndipo jiwe zito lilipohitajika.

*Nilitembelea Isimila, Iringa. Yale mashoka ya mawe hayana mpini. Yalishikwaje?*

Kwa kiganja, upande mnene ukiwa ndani na ncha ikitazama nje. Neno shoka linapotosha kidogo, maana kilikuwa chombo cha kuchinjia, kuchongea miti, labda hata kuchimbia. Kulitengeneza kulihitaji subira: unagonga upande mmoja, unaligeuza, unagonga wa pili, hadi pande zote mbili zilingane. Kuna yaliyo mazito kupita kiasi, na wataalamu bado wanabishana yalikuwa ya nini.

*Zana za kale kuliko zote ziko wapi?*

Lomekwi, magharibi mwa Ziwa Turkana, Kenya: miaka milioni 3.3. Zilitangazwa mwaka 2015.

*Shambani kwangu kuna jiwe lenye makali. Nitajuaje kama ni zana? (Mkulima, Singida)*

Ligeuze polepole. Kibanzi cha binadamu huwa na uvimbe mdogo chini tu ya pale kilipopigwa, na mgongoni alama za vibanzi vilivyotangulia, zimepangana. Jiwe lililovunjwa na maji au jembe huwa limepasuka ovyo. Ukiona uvimbe na alama hizo, liache palepale, piga picha, kisha toa taarifa kwa Idara ya Mambo ya Kale. Sheria ya mwaka 1964 inalinda vitu hivi, na jiwe likishatolewa udongoni mwake, hata mtaalamu hupata shida kusema ni la lini.