Kusafisha picha kwa ute wa yai Mtwara: mayai hayana kosa

Wadogo zangu mnaoanza haya mambo, kila mtu akiharibu karatasi swali la kwanza ni "kaka, au mayai yameoza?" Mayai hayana kosa jamani. Hii njia ya kupaka karatasi ute wa yai wenye chumvi, kuipa silva naitreti (dawa inayoifanya ishike mwanga) na kuchapa picha juani, Mfaransa Blanquart-Evrard aliitangaza mwaka 1850 na maelekezo mengi mnayosoma yametoka nchi za baridi, sasa huku kwetu masika hata chumvi mezani inatoa maji, halafu unategemea karatasi uliyoianika usiku iamke kavu?

Picha yangu ya kwanza ya maana ilikuwa ya jahazi pale Mikindani. Niliianika karatasi sebuleni, asubuhi nikaigusa nikaona poa, nikaibana na negativu (filamu angavu yenye picha iliyogeuzwa, weusi mahali pa weupe) chini ya kioo nikaitoa juani. Kama dakika kumi hivi nafungua nichungulie, negativu imeng'ang'ania, kuvuta kidogo inabanduka na ngozi ya ute, na ile negativu ikabaki na madoa ya kahawia ambayo hayajatoka mpaka leo. Siku hizi napitisha drayer ya nywele upande wa nyuma, moto mdogo, mpaka karatasi ukiitikisa inalia kakaka, halafu naweka plastiki nyembamba angavu kati ya karatasi na negativu. Na karatasi ikishapata silva itumie siku hiyohiyo. Ukiilaza mpaka kesho kwenye joto na unyevu huu inageuka njano hata kabla haijaona jua, halafu unakuja kusema kemikali feki.

Kwenye ute wenyewe hakuna maajabu. Yai moja linatoa kama mililita 30, kwa hiyo nusu lita ni mayai 17 hivi, hesabu na viini utavipeleka wapi (kwangu ni keki, majirani wanajua kabisa leo nilikuwa na kazi). Tia gramu 15 za amonia kloraidi, ndiyo chumvi yake, na vijiko viwili vya chai vya siki nyeupe, piga mpaka yote iwe povu, weka kwenye friji mpaka kesho yake litulie lirudi kuwa maji, chuja kwa kitambaa. Ukiona karatasi ina michirizi yenye vikia kama nyota zinazoanguka ujue uliharakisha hapo au ulipoilaza karatasi juu ya ute ulifungia mapovu chini yake. Chumvi ya kawaida nayo inafanya kazi ila sio ile ya dukani yenye madini joto, na hii yetu ya mawe ya kutoka mashamba ya chumvi niliijaribu, ina mambo mengi ndani, leo inakupa hivi kesho vile.

Sasa penye kesi nyingi ni silva naitreti. Watu wanaibania kwa sababu ni ghali, naelewa, mimi mwenyewe nilianza na asilimia 7 nikijiona mjanja. Nikailaza karatasi juu ya ile dawa, kuinyanyua naona uso umepauka, mng'ao umeondoka vipandevipande, na dawa imeanza kuwa na ukungu. Kumbe silva kali ndiyo inayougandisha ute ushike kwenye karatasi, ikiwa hafifu ute unayeyukia humohumo kwenye dawa, umepoteza karatasi na silva kwa mpigo. Mimi nipo asilimia 15. Na kila karatasi inaondoka na silva yake, kwa hiyo ya kwanza ikitoka nzuri ya sita ikatoka imepauka usishangae, dawa imechoka, iongezee nguvu. Ikigeuka rangi ya chai tia kaolini kidogo, ile udongo mweupe, tikisa, iache itulie uchuje. Maji ya kuchanganyia nanunua kwa wauza spea, yale ya kuongezea kwenye betri, SIO asidi, soma chupa vizuri. Glavu na miwani vaa, vidole vitakuwa vyeusi wiki nzima ukacheka, ila jicho halina mchezo.

Juani usiitoe ikiwa nzuri. Itoe ikiwa imezidi weusi mpaka roho inauma, vivuli vinaanza kung'aa kama shaba, maana kwenye hipo (sodiamu thiosalfeti, dawa ya kuifanya picha isiendelee kugeuka ikiona mwanga) itafifia sana. Na negativu ya kawaida ya printa inatoa picha iliyopooza, hii kazi inataka negativu nzito yenye tofauti kubwa ya weusi na weupe.

Halafu ukiianza kuiosha, kabla ya hipo, maji yatageuka meupe kama tui la nazi. Kuna dogo aliyaona akamwaga kila kitu na picha juu, alidhani imeharibika. Ile ni silva iliyobaki inakutana na chumvi na klorini ya maji ya bomba, badilisha maji mpaka yabaki safi bila ule weupe ndio uingize kwenye hipo.