Barua pepe zinazobaki foleni hata mtandao ukirudi

SWALI: Ninasimamia seva ya barua pepe ya chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa huku Kibosho, Moshi, nayo inatumia programu ya Postfix. Intaneti yetu hukatika mara kwa mara, hasa wakati wa masika, na hata ikirudi kwa nusu saa, barua nyingi hazitoki. Nifanye nini?

JIBU: Ndugu msomaji, seva yako ni nzima, ila haijui kwamba mtandao umerudi. Barua ikishindwa kutoka, Postfix huiahirisha na kuijaribu tena kwa vipindi vinavyorefuka kadiri barua inavyozidi kukaa: usipobadilisha mipangilio, huanzia sekunde 300 na kuishia sekunde 4,000, yaani zaidi ya saa moja. Barua ya asubuhi inaweza basi kujaribiwa alasiri, dakika chache kabla ya mtandao kurudi, na zamu yake inayofuata ikaikuta nusu saa yenu imekwisha kupita.

Ninapendekeza seva isijaribu kabisa mpaka iamriwe. Katika main.cf, faili la mipangilio ya Postfix, andika defer_transports = smtp; barua za ndani ya ofisi zitaendelea kufika kama kawaida, na za nje zitasubiri. Kisha tengeneza skripti fupi ambayo, baada ya kuhakikisha kwamba mtandao umerudi kweli, itatoa amri ya postqueue -f, inayoiamuru seva kujaribu barua zote zilizo foleni, mara moja. Usiirudie kila dakika, kwa kuwa barua zisizopokeleka zitajaribiwa upya kila mara na kuzichelewesha zilizo nzima. Pia elekeza relayhost, yaani seva ya kupitishia barua za nje, kwenye seva ya mtoa huduma wenu, ili yeye, ambaye yuko hewani wakati wote, ndiye ahangaike na seva za mbali zinazosuasua.

Kuna suala la muda ambalo watu wengi hulisahau. Barua isiyotoka kwa siku 5 hurudishwa kwa aliyeituma, na kabla ya hapo haambiwi lolote, kwa sababu delay_warning_time, muda wa kungoja kabla ya kumwonya mtumaji, huwa sifuri, yaani onyo limezimwa. Iweke 4h (muda wa saa nne), maana karani aliyetuma orodha ya magunia ya mnada anastahili kujua mapema kwamba haijafika, apige simu. Kama mnaweza kukosa mtandao kwa wiki nzima, ongeza maximal_queue_lifetime, ambayo ndiyo ile siku 5, hadi 10d (siku 10).

Foleni ikague kwa postqueue -p, na usihamishe mafaili yake kwa mkono.