Barua kwa mwanangu: mdomo ni wa mtoto

Mwanangu,

Marahaba. Huku hatujambo. Mama yako magoti yanamsumbua lakini shambani haachi kwenda.

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema mjukuu wangu, mswaki ukitolewa tu usiku, anafunga mdomo na kukimbilia chini ya meza. Mke wako amebandika ukutani chati ya nyota, zikitimia saba apate zawadi. Jirani naye anawashauri mumtishie sindano ya daktari wa meno. Unauliza kipi bora, zawadi au vitisho.

Kabla sijafika huko, mkumbuke dada yako.

Wewe ulizaliwa tumeshahamia Korogwe, ndiyo maana ukicheka unacheka meno yote nje. Dada yako alinyonya na kukulia kule Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru, kwenye ile nyumba ya idara, na maji tuliyokunywa yalitoka mlimani. Meno yake ya utoto yalikuwa meupe. Ya ukubwani yalipoanza kuota, yakatoka na mabaka ya kahawia, yale mawili ya mbele yakiwa na mistari kabisa. Kule hakuna aliyeshangaa, watoto wengi walikuwa hivyo. Tukahamia Korogwe akiwa darasa la tatu.

Ukaguzi wa Jumatatu unaujua. Mstarini, kucha, nywele, halafu mdomo. Mwalimu wa zamu alipofika kwake akamwamuru aufungue, akamtoa mbele ya shule nzima, akasema, "Mtazameni huyu, hajui mswaki." Akamchapa fimbo mbili za mikononi. Mtoto aliyekuwa akipiga mswaki asubuhi na usiku, dawa namwekea mimi mwenyewe! Mwanangu, miaka imepita na bado nikilikumbuka hili usingizi unakata.

Jioni ile mama yako alimkuta nyuma ya jiko anayasugua kwa mkaa na mchanga. Vidole vyeusi, ufizi unavuja damu, na mate mekundu yametapakaa kwenye jivu. Baada ya hapo akaacha mswaki kabisa. Akaniambia, "Baba, nipige nisipige, ni yaleyale."

Na kwa upande wa rangi alikuwa amesema kweli. Ule haukuwa uchafu. Maji ya upande ule wa Mlima Meru hupita kwenye miamba ya volkano yakabeba madini mengi ya floraidi, na jino huathirika likiwa bado linatengenezwa ndani ya ufizi, kabla halijauona mswaki. Ukilisugua baadaye, rangi ile haitoki. Na madini hayohayo, kwa kiasi kidogo, ndiyo yanayotiwa kwenye dawa ya meno ili jino lisioze! Nilikwenda shuleni nikamweleza mwalimu mkuu, akanisikiliza vizuri. Yule wa zamu hakumwomba mtoto radhi hata siku moja.

Aliyemrudisha dada yako ni bibi yako. Alikuja kutoka Muheza na furushi lake la vijiti vya mwarobaini, na kila alfajiri anakaa barazani anatafuna ncha mpaka itoe nyuzi, kisha anasugua taratibu, jino kwa jino. Hakumwambia mtoto kitu. Siku zikapita, dada yako akaomba kijiti. Bibi akamkatia chembamba, akambandulia ganda, akampa. Basi wakawa wanakaa wawili, wanatemea upande wa mipapai, wanashindana nani atatema mbali, na kicheko cha dada yako nikakisikia tena nikiwa chumbani. Kijiti kikaleta mswaki wa dukani. Mpaka leo meno yake ni ya kahawia na hakuna hata moja lililooza.

Ndiyo maana nasema, na mtanichoka kwa kulisema: mdomo ni wa mtoto. Si wa mwalimu, si wa daktari, wala si wa ile chati. Akisafisha kwa kuogopa, siku hofu ikiisha ataacha.

Najua utaniuliza: Baba, kama mdomo ni wake, mbona mtoto wa miaka minne hawezi kufikia magego? Ni kweli, hawezi. Madaktari wanataka mzazi amsaidie mpaka afike miaka saba au nane. Na bibi yako huyohuyo alinilea mimi kwa vitisho vya mdudu anayetoboa meno, na mswaki nilipiga. Kwa hiyo vitisho vinafaa? Kwangu vilifaa, sikatai. Lakini vilinifanya nimwogope daktari kuliko ugonjwa, nikampelekea shavu likiwa limeshavimba, na gego likang'olewa. Hapana, nabaki palepale. Mdomo ni wake, wewe unamwazima mkono. Piga wako mbele yake, mwache aanze wake, kisha umalizie wewe ukimpakata, kichwa kifuani kwako, midomo uione vizuri. Dawa yenye floraidi, kiasi cha punje ya njegere, ateme asimeze. Mswaki wa usiku ukishapita, asipewe tena chai ya maziwa.

Ya sindano mwambie jirani ahsante, ila hapana. Mpelekeni kwa daktari wa meno akiwa haumwi popote, apazoee.

Ya chati sitaki kuingilia nyumba yenu. Mke wako ana nia njema, na nyota si sumu. Ningekuwa mimi… haya, niseme tu kwamba zawadi isiwe peremende, na wiki nyota zikipungua asionyeshwe uso wa kununa. Zaidi ya hapo msinitoe maneno.

Ila kuna jambo hukuniuliza, na ndilo linaloninyima raha. Mmehamia Usa River, jirani na Maji ya Chai kulekule, na mdogo wake mjukuu wangu bado ananyonya. Meno yake ya mbele ya ukubwani yanaanza kutengenezwa katika mwaka huu wa kwanza. Muulize mwenye nyumba maji mnayokunywa yanatoka wapi na kama yamepimwa floraidi. Msidanganyike kwamba mkiyachemsha yanakuwa salama, kuchemsha huua vijidudu lakini floraidi inabaki. Pale Ngurdoto kuna kituo cha serikali kilichoshughulikia vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, nenda kaulizie. Maji ya mvua mkiyakinga, hayo wekeni ya kunywa na ya uji wa watoto. Na maharage mke wako ayaloweke usiku kucha, magadi ayaache, maana magadi nayo yana floraidi.

Nijibu hilo la maji kabla ya Ijumaa.

Baba yako