Nesi wako akihamishwa: jinsi ya kujilinda kituo cha afya kinapobadilika

Watumishi wa vituo vya afya wanahama. Mmoja anamfuata mwenzi wake Mbeya, mwingine anakwenda masomoni, wa tatu anastaafu, wa nne mkataba wake umekwisha. Sisi tunaotibiwa pale tunajua siku tunapofika na kumkuta mtu mwingine kwenye kiti. Nimewakilisha watumiaji wa huduma kwenye kamati ya usimamizi wa kituo cha afya cha kata yetu, mkoani Morogoro, na mama yangu anahudhuria kliniki ya presha na kisukari pale pale. Kwa hiyo mambo haya nimeyaona nikiwa kwenye benchi la wagonjwa na nikiwa kwenye meza ya kikao. Mtumishi akiondoka, anayeumia zaidi ni mgonjwa ambaye habari zake zote zilikuwa kichwani kwa mtumishi huyo. Zitoe huko mapema.

Nianze na daftari, maana ndiko wengi wanakopotelea.

Kwetu wagonjwa wa nje bado wanatembea na daftari dogo la shule. Fungua la mzee yeyote wa kliniki ya presha: kila ukurasa una tarehe, vipimo vya presha, kisha maneno "aendelee na dawa". Dawa gani? Tabibu aliyeandika alijua, kwa sababu alikuwa akimwona mzee huyo kila mwezi na anawajua hadi wajukuu zake. Tabibu wa mama alipohamishwa, kijana mpya aliyekuja mahali pake alimpokea vizuri sana. "Shikamoo bibi. Unatumia dawa gani?" Mama akajibu, "Marahaba mwanangu. Zile nyeupe ndogo, na nyingine ina unjano kidogo." Vidonge vyeupe vidogo kwenye dirisha la dawa viko vya kila aina. Nilikuwa na ganda la vidonge vya mwezi uliopita kwenye mkoba. Akasoma jina na miligramu, kazi ikaendelea. Wazee waliokuwa nyuma yetu hawakuwa na ganda wala jina. Mmoja aliambiwa aende nyumbani akalete vidonge vyake, na anakaa mbali, nauli ya bodaboda kwenda na kurudi kwake ni mzigo.

Kwa hiyo ukimaliza kuonwa, kabla hujanyanyuka, sema: "Daktari, naomba uniandikie jina la dawa, ukubwa wake, na nimeze mara ngapi kwa siku." Hawakatai. Foleni ndiyo inayowafanya wafupishe. Ukurasa wa kwanza wa daftari uandike mwenyewe, au mwombe mwanao anayesoma: magonjwa uliyonayo, dawa inayokudhuru, upasuaji uliowahi kufanyiwa na mwaka wake, namba ya bima, na simu ya ndugu mmoja. Piga picha ya ukurasa huo, ibaki kwenye simu yako na ya ndugu huyo. Vituo vingi sasa vinaandikisha wagonjwa kwenye kompyuta, na hilo ni jema, lakini umeme ukikatika au ukienda kituo kingine, utakachokuwa nacho mkononi ni daftari.

Jambo jingine linalotokea mtumishi mpya akifika ni kubadilishiwa dawa. Pengine ya zamani imeisha stoo, pengine tabibu mpya ameona vipimo havishuki. Usitoke chumbani bila kuuliza: "Hii mpya inachukua nafasi ya ipi?" Naisisitiza sana hii. Nimewaona wazee wanaomeza mpya na kumalizia zile za zamani ili zisiharibike, kumbe zote mbili zinafanya kazi moja, presha inashuka mno, mtu anapata kizunguzungu na kuanguka bafuni. Dawa iliyosimamishwa irudishe kituoni.

Kwa wajawazito swali ni jingine, nalo ni la uhai. Kuanzia mwaka wa fedha 2017/18 serikali ilikarabati na kujenga mamia ya vituo vya afya nchini ili viweze kufanya upasuaji wa dharura, mama aliyekwama kwenye uchungu asilazimike kusafirishwa hadi hospitali ya wilaya. Ninaishukuru hatua hiyo kwa moyo wote. Wapo watoto kijijini kwetu wanaokimbia leo kwa sababu yake. Lakini jengo peke yake halipasui. Panatakiwa daktari, mtaalamu wa usingizi, muuguzi wa chumba cha upasuaji, damu salama na umeme wa uhakika. Kwetu mtaalamu wa usingizi alikuwa mmoja. Alipokwenda masomoni, chumba cha upasuaji kilifungwa, na wajawazito waliendelea kupanga kujifungulia pale kwa sababu majirani zao walifanyiwa upasuaji pale.

Ukishatimiza miezi saba, kila ukienda kliniki mwulize mkunga waziwazi: "Upasuaji upo mwezi huu?" Ikiwa una kovu la upasuaji, mapacha, mtoto amekaa vibaya, damu imepungua au presha imepanda, usisubiri jibu la "tutaona". Ombeni rufaa mapema, wewe na mumeo, na mtafute pa kufikia karibu na hospitali wiki za mwisho, kwa ndugu au kwenye nyumba ya kusubiria wajawazito kama ipo. Na andikeni namba 115 ukutani, pale panapoonekana na kila mtu nyumbani. Ni ya mfumo wa m-mama, haina malipo. Wanaopokea wanatafuta gari la wagonjwa, na kama liko mbali wanampigia dereva wa jamii aliyesajiliwa. Rais Samia aliuzindua kwa nchi nzima mwaka 2022, lakini bado nakutana na familia zinazohangaika kuchangishana pesa za teksi usiku wa manane.

Sasa kwa ndugu zetu wa CTC, yaani kliniki ya matunzo na dawa kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, watumishi wengi wa mikataba waliokuwa wakilipwa na miradi ya UKIMWI waliachishwa kazi au kuambiwa wasubiri nyumbani. Kituoni kwetu waliondoka mshauri nasaha, mtunza takwimu na waelimisha rika. Dawa hazikukatika. Kilichokatika ni simu ya kukukumbusha umepitisha tarehe, na yule dada aliyejua nani hajamwambia mume wake. Kliniki ikaunganishwa na wagonjwa wengine, na watu wakaogopa kukutana na jirani kwenye foleni.

Hofu hiyo naielewa na siidharau. Ninachokuomba ni usipotee kimya kimya. Weka tarehe yako ya kurudi kwenye simu kwa jina unalolijua wewe. Kama virusi vimefubaa, yaani vipimo vinaonyesha vimepungua sana mwilini, na huna tatizo, omba upewe dawa za miezi mitatu au sita ili upunguze safari. Kama huwezi kabisa kuendelea pale, omba barua ya uhamisho uende kituo kingine. Ni haki yako na huhitaji kueleza sababu kwa mtu wa mapokezi. Na kama ulishaondoka bila barua, chukua kadi yako na kopo la dawa uende kwenye CTC yoyote. Watakugombeza labda, lakini watakupokea.

Nije kwenye kamati, maana watu wengi hawajui kama ipo. Kila kituo cha afya kinatakiwa kuwa na kamati ya usimamizi yenye wawakilishi wa wananchi, na mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, ndiye katibu wake. Kumfokea mganga mfawidhi kwamba "hapa hamna watu" hakuleti mtu. Hana mamlaka ya kuajiri watumishi wa kudumu. Ajira zinatoka serikalini na mgawanyo unapitia TAMISEMI, ofisi ya serikali kuu inayosimamia halmashauri, na halmashauri zenyewe. Ikama ya Wizara ya Afya ya mwaka 2014, yaani idadi ya watumishi wanaotakiwa, iliweka watumishi 39 kwa kituo cha afya kama kiwango cha chini na 52 kama kiwango cha juu. Sisi hatukuwahi kufika nusu ya hicho cha chini. Mganga mfawidhi aliyeko kwenye hali hiyo analala kituoni, anakula amesimama, na wewe unamkuta amechoka saa nne asubuhi.

Kamati ina nguvu kwenye fedha za kituo. Tangu 2017/18 fedha za Mfuko wa Afya wa Pamoja, unaochangiwa na wafadhili, zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kituo kina mapato yake ya papo kwa papo, yanayolipwa na wagonjwa, na ya bima. Kwenye mapato hayo ya ndani kamati inaweza kukubali kumlipa mtu wa mkataba. Kwetu muuguzi mkunga alikuwa akishinda mapokezi akiandika majina kwenye kompyuta huku wajawazito wakimsubiri. Tukakubaliana kumlipa posho binti aliyemaliza kidato cha nne na anayejua kompyuta, ashike mapokezi, muuguzi akarudi kwenye kazi aliyosomea. Foleni ya kliniki ya mama na mtoto ilipungua mwezi huo huo. Kikao kizima kilichukua asubuhi moja.

Posho ya binti yule inatoka kwenye malipo yetu. Ukilipa bila risiti, pesa hiyo haipo kwenye hesabu na kamati haiwezi kuipangia kazi. Dai risiti hata kama ni ya elfu mbili. Kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, mtake mwakilishi wenu asimame aseme kituo kiliingiza kiasi gani, kilitumia kwa nini, nani ameondoka na nani anakaimu. Ukimuuliza mbele ya watu atajiandaa kwa mkutano unaofuata.

La mwisho ni makazi. Watumishi wapya wanaopangiwa vijijini wengi ni vijana, wanashuka kwenye basi na begi moja, hawamjui mtu. Asipopata chumba cha heshima chenye maji, choo na mlango unaofungika, ataanza kuandika barua ya uhamisho kabla hajamaliza mwaka. Uliza kituoni kama nyumba za watumishi zinatosha. Kama hazitoshi na una chumba, kipangishe kwa bei ya kijijini, usimpandishie kwa kuwa ana mshahara wa serikali. Wenyeviti wa vitongoji waanze kutafuta chumba mara halmashauri inapotaja jina la anayekuja, wasingoje ashuke kwenye basi.