Maji kwenye mlango wa gari: usizibe matundu ya chini

Mkuu, umesema Toyota IST yako inasikika maji yakicheza ndani ya mlango wa abiria kila ukiufunga, na fundi anataka abadilishe raba ya kioo kisha azibe matundu ya chini kwa silikoni. Raba badilisha kama imekakamaa. Matundu, nakuomba sana, asiyaguse.

Mlango wa gari unaingia maji, na waliouunda walilijua hilo. Raba ya nje inayobana kioo inapunguza tu. Mvua ikinyesha, maji huteleza na kioo hadi ndani, yanapita jirani na mota na reli za kioo, yanashuka chini kabisa na kutokea kwenye matundu ya ukingo wa chini. Yanadondokea nje ya ile raba kubwa ya kuzunguka mlango, ndiyo maana kapeti linabaki kavu. Ukisikia yanacheza, njia ya kutokea imeziba. Ukiziba na kilichobaki, bati la chini litaoza kuanzia ndani, na utaliona rangi ikishaanza kuvimba.

Fungua mlango, chuchumaa, tazama ukingo wa chini. Utaona vitundu au mipasuo myembamba, mingine ina kijiraba. Gari linalokula vumbi kiangazi chote, masika yakianza humo mnakuwa na udongo ulioganda na majani. Mimi nazibua kwa ile kamba ya plastiki yenye meno ya kufungia waya. Bisibisi hapana, inakwangua rangi, na hapo ndipo kutu inapoanzia. Kaa pembeni, maji yakipata upenyo yanatoka kwa nguvu, meusi, yananuka tope. Mimina mengine juu ya kioo hadi yanayotoka yawe meupe. Kama mlango umewahi kupigwa rangi upya, kagua pia kama rangi haikufunika matundu.

Sasa kitu ambacho mafundi wengi wanakidharau: ile nailoni nyuma ya bodi la ndani la mlango. Kwenye gari langu fundi wa spika aliichana akaiacha inaning'inia, na kila mvua kubwa kapeti la nyuma likawa linalowa, wakati matundu yalikuwa wazi kabisa. Kazi ya nailoni ni kuyarudisha maji ndani ya bati. Ncha yake ya chini lazima iingie kwenye uwazi wa bati, isikae kwa nje, la sivyo maji yanafuata nailoni mpaka kwenye kapeti. Ibandike kwa butili, ile gundi nyeusi inayonata na kuvutika kama ubani wa kutafuna. Silikoni yenye harufu ya siki iache, inatoa asidi inayokula chuma.

Na kama kapeti linalowa hata siku za jua ukiwa umewasha AC, mlango hauhusiki. Kagua mpira wa kutolea maji ya AC.

Kabla hujarudisha bodi, mimina jagi la maji taratibu kwenye kioo kwa nje huku mlango umefungwa, mwenzako akiwa ndani na tochi anatazama nailoni. Maji yatoke chini upesi, na upande wa ndani wa nailoni ubaki mkavu. Ukiona hata tone, bandua sehemu hiyo ubandike upya.